Masanduku ya Bruda Celso

Mguu wa kaka yangu Gicheru uliharibika mwezi wa pili mwaka wa 1968, na hadi leo kuna watu kwetu Kiriaini wanaosema mimi ndiye niliyeupeleka kwa wazungu. Nitaeleza vile mambo yalivyokuwa. Sikusoma sana. Shule yetu ilifungwa na wakoloni nikiwa darasa la nne, na yote niliyojifunza baadaye nilijifunza kwa msumeno na randa. Lakini macho ninayo.

Nilikuwa seremala wa hospitali moja ya misheni, upande wa Nyeri. Milango, vitanda, majeneza, vyote vilipita mikononi mwangu. Mkubwa wangu alikuwa Bruda Celso, Mwitaliano mzee mwenye ndevu za rangi ya tumbaku. Hakuwa padri wala daktari. Kazi yake ilikuwa kila kitu kilichobaki: stoo, jenereta, nguruwe, na kuzungumza na wagonjwa kila Jumapili baada ya misa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, ila Kikuyu hakukijua, na wazee wengi wodini hawakuwa na Kiswahili. Kwa hivyo Jumapili nilikuwa mkalimani wake.

Gicheru alichomwa na kisiki akipogoa kahawa yake. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na hakujua. Alifunga kidonda kwa kitambaa akaendelea na kazi wiki tatu. Mke wake, Watiri, alipomleta Jumamosi kwa pikapu ya chama cha wakulima, vidole viwili vilikuwa vimegeuka vyeusi, na harufu ilifika wodini kabla yake. Muuguzi wa zamu, Phelister, mwanamke wa kutoka Siaya, alimsafisha, akamdunga sindano, akaniita kando.

"Fundi, huyu ni ndugu yako?"

"Tumbo moja."

"Basi mtayarishe. Daktari anakuja Jumatatu, na mimi najua atasema nini."

Nadhani Bruda Celso pia alijua, kwa sababu Jumapili alikuja na kitabu kikubwa chenye picha, akasimama karibu na kitanda cha Gicheru. Alitaka kumpa moyo. Hilo naliamini, hata sasa.

Alisema kwamba karibu miaka mia tisa iliyopita, kule Ufaransa, watu walishikwa na ugonjwa wa kuungua. Mikono na miguu iliwaka moto kwa ndani, ikawa myeusi kama mkaa, ikakatika yenyewe. Sumu ilikuwa kwenye mkate, nafaka iliyoota ukungu, lakini wao hawakujua. Tajiri mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa. Mtoto alipopona, baba na mwana wakaweka nadhiri kuwahudumia wagonjwa hao, mahali palipowekwa mifupa ya Mtakatifu Antoni. Wengine wakajiunga nao. Likawa shirika la mabruda, wenye joho jeusi na msalaba wa buluu usio na kichwa, kama herufi T. Wakajenga hospitali nchi hadi nchi. Waliwalisha wagonjwa mkate mzuri, wakawapaka mafuta ya nguruwe. Nguruwe wao waliruhusiwa kutembea barabarani bila kufukuzwa, kila mmoja na kengele shingoni.

Nilitafsiri. Mzee Mutahi, aliyelala kitanda cha pili na mkono mmoja, kwa sababu mwingine ulikuwa umesagwa na mashine ya mbao, akacheka.

"Nguruwe mwenye kengele! Huyo hata mwizi anamjua jina."

Wodi ikacheka. Bruda akafurahi, akaendelea. Mabruda hao, alisema, walikuwa hodari wa kukata. Kilichokufa walikikata ili kilichobaki kiishi. Akafungua picha. Lilikuwa lango la hospitali, na juu ya lango miguu na mikono ya watu imening'inizwa, mikavu kama nyama ya moshi.

Hakuna aliyecheka tena.

"Muulize," Gicheru akaniambia, "kwa nini waliiweka."

Niliuliza. Bruda akajibu kwamba kila mguu pale ulikuwa ushahidi: mwenyewe alirudi nyumbani akiwa hai. Nikatafsiri hivyo. Wakati huo uji ukafika. Nikaanza kugawa vikombe, huku nikisikia Bruda anaendelea kusema kwamba shirika hilo lilikwisha zamani, miaka karibu mia mbili, likamezwa na shirika lingine, na leo hakuna hata bruda mmoja wa namna hiyo duniani. Hayo sikuyatafsiri. Niliona hadithi imeisha na uji unapoa.

Hilo ndilo kosa langu, na sitalificha. Wodi nzima ilibaki ikiamini kwamba shirika hilo lipo, na kwamba Bruda Celso ni mmoja wao.

"Mkono wangu ulikatwa hapa hapa mwezi jana," Mutahi akasema, kikombe mdomoni. "Mimi sijaonyeshwa lango."

Jumatatu daktari, mzungu pia, alikuja. Aliuangalia mguu kwa muda mfupi kuliko ninavyoangalia ubao. Akasema atakata chini ya goti, kesho yake. Wakingoja, atakata juu ya goti. Wakingoja zaidi, hakutakuwa na haja ya kukata. Phelister akaleta karatasi na kidau cha wino, Gicheru atie kidole gumba.

Gicheru akaficha mikono chini ya blanketi.

"Kwanza mniambie mguu ukitoka unakwenda wapi."

Daktari alimtazama Phelister. Phelister akasema, "Inachomwa. Kuna tanuru huko nyuma ya thieta, pale wanapopasulia."

"Wewe umeona ikichomwa?"

"Mimi kazi yangu inaisha mlangoni, mzee. Bruda anakuja na ndoo, anachukua."

"Bruda," Gicheru akasema.

Msomaji ambaye hakuishi kwetu wakati wa Emagensi, miaka ya vita vya Mau Mau, anaweza kudhani kaka yangu alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Kaka yetu mkubwa, Kingori, aliuawa msituni Nyandarua mwaka wa 1954. Mwili hatukuuona. Askari hawakutaka kubeba maiti kutoka huko juu, kwa hivyo walikata mikono, wakaitia kwenye mfuko, wakaiteremsha hadi posti, kambi yao, ili alama za vidole zitambulike. Gicheru aliitwa kuthibitisha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliona mikono miwili juu ya meza na chupa ya wino kando yake. Mikono hiyo haikurudishwa, na hadi leo hatujui ilitupwa wapi.

Sasa mzungu aliagiza aletewe wino, akitaka kidole kwanza na mguu baadaye.

Daktari alipoondoka, Gicheru akanivuta karibu. "Wahome. Wewe umekaa hapa miaka tisa. Wanaipeleka wapi?"

"Sijui," nikasema, na ilikuwa kweli. Lakini nikilisema neno hilo, nikakumbuka masanduku.

Kwa miaka miwili Bruda Celso alikuwa ananiagiza masanduku madogo ya msonobari. Mengine yalikuwa na urefu wa mkono, mengine marefu zaidi, membamba yote. Juu ya kila kifuniko aliniambia nichome alama kwa chuma cha moto, msalaba usio na kichwa. Alisema ni ya vyombo. Nilikuwa nimetengeneza kumi na moja. Sikuwahi kuona hata patasi moja ikitoka ndani yake.

Nilimkuta Bruda bandani kwa nguruwe. "Bruda, yale masanduku ni ya nini?"

"Ya vyombo, Wahome. Nilikuambia."

"Vyombo gani?"

Akawa mwekundu hadi masikioni. "Nina kazi," akasema, akachukua debe la machicha akaondoka. Nguruwe wakamfuata, na kengele zao zikalia. Ndiyo, walikuwa na kengele. Miaka yote nilidhani ni ili wasipotee msituni.

Jumanne Gicheru alikataa tena kutia kidole, na homa ikapanda. Bruda alikuwa amekwenda mjini kununua dizeli. Nikaingia stoo kwa ufunguo wangu. Hakukuwa na sanduku hata moja. Nikaenda kwenye tanuru nikakoroga majivu kwa fito. Bandeji, pamba, chupa zilizoyeyuka. Mfupa hata mmoja haukuwepo, na mfupa wa mtu mzima hauteketei kirahisi hivyo. Nikazunguka nyuma ya banda la nguruwe, penye ua wa kaiyaba ambao Bruda alikuwa akiukata mwenyewe na hakumruhusu mtu mwingine. Nikapata upenyo, nikaingia nikichunwa na miiba.

Ndani kulikuwa na matuta madogo, yamepangwa mstari mmoja, kila moja na kigingi. Yalikuwa manane.

Nilichimba tuta la mwisho kwa jembe lililokuwa pale. Halikuwa na kina. Pembe ya kwanza ya sanduku ilipotokea nilijua ni kazi ya mkono wangu. Nikafungua. Kulikuwa na kitambaa cheupe cha thieta, na ndani ya kitambaa nikaona vidole. Nikafunga haraka. Nilikuwa bado nimepiga magoti pale Bruda Celso aliposema nyuma yangu, "Huo ni wa Mutahi."

Sikuinuka. "Ulisema ni ya vyombo."

"Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Ningekuambia ukweli, ungeyatengeneza?"

Nilifikiri. "La."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtu hachongewi jeneza akiwa bado anakunywa uji. Hata kama ni la kidole. Kufanya hivyo ni kumwita kaburini."

"Ndiyo," akasema. "Mzee mmoja wa hapa aliniambia hivyo hivyo nilipokuja. Nikamuuliza, basi ichomwe, kama padri mkuu anavyoagiza? Akasema kuchoma ni kubaya zaidi. Nikamuuliza, nifanye nini? Akasema hajui, akaenda zake. Nami sikuweza kuchoma. Nikazika, nikanyamaza. Padri hajui, ninyi hamkujua."

"Na wale mabruda wa kitabuni?"

"Hao nawapenda tu. Wameshakufa wote. Nilisema Jumapili."

Hapo nikakumbuka vikombe vya uji, na maneno niliyoyaacha.

Lakini nataka nieleweke. Sikumwamini mara moja. Aliyekudanganya kuhusu sanduku anaweza kukudanganya kuhusu kaburi. Nikamuuliza, "Nilitengeneza kumi na moja. Hapa ni manane."

"Matatu ya kwanza yako kule chini, karibu na mto. Nilipata maji ardhini, nikahamia hapa."

Nilishuka hadi mtoni siku hiyo hiyo. Niliona majani, mawe na nyayo za mbuzi. Vigingi havikuwepo. Inawezekana maji yalivibeba.

Jumatano asubuhi nilimweleza Gicheru yote, pamoja na yale matatu ambayo sikuyaona. Watiri alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimpepea. Macho ya kaka yangu yalikuwa mekundu na midomo imepasuka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo anayetengeneza majeneza ya miguu ni wewe," akasema.

"Sikujua."

"Kingori alipouawa ulikuwa wapi?"

"Unajua nilikuwa wapi."

"Sema, Mama Murugi asikie," akasema, akimwelekezea mkewe kidevu.

"Nilikuwa naunda lango la posti. Nililazimishwa, Gicheru. Tulilazimishwa kijiji kizima."

"Lango la posti. Halafu masanduku ya mabruda. Wewe ni fundi wa kila mtu, Wahome. Mwenye mbao akiita, unakwenda, na kazi ni ya nini huulizi."

Nilimmiminia maji kikombeni. Akakisukuma kando.

Mutahi, kutoka kitanda cha pili, akasema polepole, "Wangu una kigingi?"

"Uko na kigingi, mzee."

"Umeuona kwa macho?"

"Nimeona vidole."

Mutahi akageukia ukuta. Sikujua kama analia au anacheka.

Watiri ndiye aliyekata maneno. Alikuwa mwanamke mfupi, mchuma chai, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. "Baba Murugi, unaoza na unapiga siasa. Tia kidole."

"Nitie, halafu mguu wangu uende kwa huyu na mzungu wake? Nani ataniambia ukweli?"

"Mimi. Nitasimama pale mlangoni utoke mbele yangu, na nitaufuata hadi chini."

"Mwanamke hasimami kaburini."

"Kaburi gani? Huo ni mguu. Nimeuosha wiki tatu, nimekamua usaha kwa vidole hivi. Naujua kuliko unavyoujua wewe."

Gicheru alifumba macho. Kisha akasema, "Watakuonyesha wowote. Mguu uliofungwa ni mguu tu."

Watiri akachomoa uzi wa katani kwenye mdomo wa kiondo chake. Akafunua blanketi, akaufunga kwenye kidole gumba cha mguu ule, akiwa ameinama ili mimi nisione fundo. Gicheru peke yake aliliona.

"Mtu akilifungua hilo hawezi kulifunga tena," Watiri akasema. "Sista! Leta wino wako."

Phelister alikuja mbio. Gicheru akatoa mkono, akakitazama kidole chake kwa muda mrefu, akakibonyeza. Daktari alipofika alipapasa juu ya kifundo, kisha ndama, kisha goti, akatikisa kichwa. Sasa ilikuwa juu ya goti. Siku mbili tulizozozana zilichukua goti.

Nilikwenda kupima. Nilikuwa nimepima maiti nyingi pale, na maiti hazikutazami. Gicheru alinitazama nikiweka futikamba kutoka kisigino hadi pajani.

"Ngapi?" akauliza.

"Inchi ishirini na sita."

"Ongeza mbili. Umezoea kubania watu mbao."

Niliongeza tatu. Sikuchoma alama kwenye kifuniko. Watiri alisema hataki alama ya mtu yeyote.

Operesheni ilianza saa nane mchana ikachukua saa mbili. Watiri alikaa chini nje ya mlango wa thieta, miguu imenyooka, na kila aliyetoka alimkagua mikono. Bruda Celso alipokuja na ndoo yake, Watiri alimwambia kwa Kiswahili chake kidogo, "Wewe hapana shika." Bruda akaweka ndoo chini. Phelister alitoa mguu ukiwa umefungwa kitambaa, na Watiri akafunua pale pale, kwenye veranda, mbele ya watu waliongoja dawa. Mama mmoja akapiga kelele. Watiri akashika kidole, akalitazama fundo, akafunika.

Mimi nilibeba sanduku. Shimo nilikuwa nimelichimba mwenyewe, refu kufika kifuani, ndani ya ua wa kaiyaba. Tulipofika ukingoni, Watiri akasema, "Fungua."

"Umeshaona, Watiri."

"Niliona pale. Hapa sijaona. Fungua."

Nikang'oa misumari. Akaingiza mkono, akapapasa, akatoa. Kisha akaniamuru nipigilie tena huku akihesabu misumari kwa sauti. Bruda Celso alikuwa amesimama mbali kidogo, kofia mkononi. Akaanza kusali kwa Kilatini.

"Anasema nini?" Watiri akaniuliza.

"Anauombea."

"Mwambie amwombee mwenyewe, bado yuko hai. Mguu haujamkosea mtu."

Nilitafsiri yote, bila kuacha neno. Bruda akavaa kofia yake akaenda kwa nguruwe. Watiri hakuondoka mpaka nilipofukia na kukanyaga udongo ukawa sawa. Hakutaka kigingi. Alipima hatua kutoka kwenye ua, upande huu na upande ule, akisogeza midomo, akahifadhi kichwani.

Homa ya Gicheru ilishuka Ijumaa. Jumamosi alikunywa supu na kumtukana Mutahi kwa kukoroma. Nikajua ataishi. Nikaenda kumwona baada ya kazi, jua likiwa bado liko juu ya paa la kanisa. Watiri alikuwa ameketi mahali pake.

"Umeshindaje, mwana wa mama?" nikasema.

"Nimeshinda." Alimtazama mke wake. "Uliona?"

"Niliona."

"Hadi chini?"

"Hadi chini. Mara mbili nilifunguliwa."

"Na fundo?"

"Lilikuwa langu."

Gicheru alivuta pumzi, akakilaza kichwa kwenye mto. Uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza tangu aletwe. Nikavuta kiti nikae. Yeye akainua mkono, kile kidole bado kina wino pembeni mwa ukucha, akanionyesha mlango.

"Wewe toka nje kidogo," akasema. "Nataka Mama Murugi aniambie ni mahali gani."

Nilitoka. Nilisimama kwenye veranda, nikamsikia Watiri akimweleza hatua ngapi kutoka kwenye ua, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, mpaka Phelister alipopita akaniuliza kama nimefukuzwa.

"Hapana," nikasema. "Wanaongea mambo yao."